Ahadi ni Deni: Historia ya Kurejelea Makala Zilizokubaliwa Kabla ya Kuchapishwa na Funzo Lake kwa Ushauri wa Sera

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya desturi ya kurejelea makala ambazo zimekubaliwa na majarida ya kitaaluma lakini hazijachapishwa. Desturi hiyo huchukuliwa na wengi kuwa jambo dogo la mpangilio wa marejeleo. Uchunguzi unaonesha kwamba ni suala la uaminifu wa maarifa, hasa pale maarifa hayo yanapotumiwa kuishauri serikali. Baada ya kufuatilia chimbuko la desturi hiyo tangu karne ya 17, makala inajikita katika kisa cha Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi na kulinganisha rejea mbili za Ripoti yake ya Tathmini ya Nne ya mwaka 2007: moja ya makala iliyokubaliwa ambayo ilikuwa haijatoka, na nyingine ambayo mzizi wake ulikuwa utafiti usiochapishwa ulioripotiwa na gazeti. Hoja kuu ni kwamba rejea ya makala inayosubiri kuchapishwa husimama ikiwa na nguzo tatu: uamuzi wa mhariri wenye tarehe, nakala inayoweza kusomwa, na wajibu wa kufuatilia hadi mwisho. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna majarida ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yanavyoweza kuzijenga nguzo hizo.

1.0 Utangulizi

Mwandishi anapotaja katika marejeleo yake makala ambayo bado haijatoka, anamwomba msomaji aamini mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba maandishi hayo yapo. La pili ni kwamba kuna watu wengine, tofauti na mwandishi, waliokwisha kuyasoma na kuyaona yanafaa. Rejea ya makala iliyochapishwa haimwombi msomaji imani ya namna hiyo, kwa kuwa anaweza kwenda maktaba na kujionea mwenyewe. Rejea ya makala inayosubiri ni ahadi, na Waswahili husema ahadi ni deni.

Inafaa kutofautisha hatua nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuna makala inayoandaliwa, ambayo inajulikana na mwandishi peke yake. Kuna iliyowasilishwa, ambayo iko mezani kwa mhariri lakini haijaamuliwa. Kuna iliyokubaliwa, ambayo imepita mikononi mwa wahakiki na mhariri ametamka kwamba itachapishwa. Mwisho kuna iliyochapishwa. Makala hii inahusu hatua ya tatu, ingawa haiwezekani kuieleza bila kuzigusa nyingine, kwa sababu mengi ya matatizo yaliyotokea katika historia yalitokana na kuipa hatua ya kwanza au ya pili heshima ya hatua ya tatu.

Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ni nini kinachoifanya rejea ya maandishi yasiyochapishwa iaminike? Jibu lina uzito kwa makundi mawili. Kwa watafiti, linahusu haki ya mtu kutambuliwa kuwa mgunduzi na haki ya mwenzake kumkosoa. Kwa washauri wa sera, linahusu kauli ambazo zikishaingia katika hotuba ya waziri au katika mpango wa bajeti ni vigumu kuzirudisha.

2.0 Chimbuko: tarehe na shahidi

Kabla ya kuwapo kwa majarida, mwanasayansi wa Ulaya aliyetaka kulinda ugunduzi wake bila kuutangaza alitumia mafumbo. Mwaka 1610 Galileo Galilei alituma taarifa yake kuhusu sayari ya Zohali kwa herufi zilizovurugwa mpangilio, ili baadaye aweze kuzipanga na kuthibitisha kwamba alitangulia. Robert Hooke alifanya vivyo hivyo mwaka 1676 kuhusu kanuni ya springi, na akafumbua fumbo lake mwaka 1678. Mbinu hiyo ilimlinda mgunduzi lakini haikumfaa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyatumia maarifa hayo wala kuyapinga.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1665. Mwezi Januari jarida la *Journal des sçavans* lilianza jijini Paris, na mwezi Machi Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, akaanzisha *Philosophical Transactions*. Mchango wa Oldenburg haukuwa kuchapisha tu. Aliisaidia jumuiya yake kujenga mazoea ya kuandika tarehe ambayo barua ya mtafiti ilipokelewa. Kwa njia hiyo mtafiti hakuwa na sababu ya kuficha: hata kama uchapishaji ungechelewa, daftari la jumuiya lingesema ni nani aliyewahi. Chuo cha Sayansi cha Paris nacho kilikuja kupokea bahasha zilizofungwa kwa lakiri na kutiwa tarehe, zikahifadhiwa hadi mwenyewe alipotaka zifunguliwe.

Hata hivyo tarehe pekee haikutosha. Mgogoro wa Isaac Newton na Gottfried Leibniz kuhusu hisabati ya kalkulasi ulidhihirisha hatari ya kutegemea maandishi yasiyochapishwa yaliyo mikononi mwa upande mmoja. Ripoti ya Royal Society ya mwaka 1712, iliyompa Newton ushindi, ilijengwa juu ya barua za zamani ambazo nyingi hazikuwa zimewahi kuchapishwa, na Newton mwenyewe ndiye aliyekuwa rais wa jumuiya hiyo na mwenye mkono mkubwa katika uandishi wa ripoti. Tarehe zilikuwapo, ila shahidi huru hakuwapo.

Kinyume chake ni tukio la tarehe 1 Julai 1858, pale maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace yaliposomwa pamoja mbele ya Linnean Society, London. Sehemu ya maandishi ya Darwin ilitolewa katika insha ya mwaka 1844 ambayo haikuwa imechapishwa, na nyingine katika barua aliyomwandikia Asa Gray mwaka 1857. Hakuna aliyedai kwamba yalibuniwa baada ya kupokewa kwa andiko la Wallace, kwa sababu Joseph Hooker alikuwa ameisoma insha hiyo miaka mingi kabla, na Gray alikuwa na barua yake Marekani. Maandishi hayakuwa na wino wa kiwanda cha uchapaji, lakini yalikuwa na tarehe na yalikuwa na shahidi.

3.0 Karne ya 20: ahadi yageuzwa kuwa kanuni

Katika karne ya 20 idadi ya majarida iliongezeka, foleni za uchapishaji zikarefuka, na uhakiki wa wataalamu wenzi ukawa sharti la kawaida. Hapo ndipo hatua ya tatu, yaani makala iliyokubaliwa lakini inayosubiri, ilipopata maana yake ya sasa. Mwanya kati ya uamuzi wa mhariri na kutoka kwa toleo uliweza kufikia mwaka au zaidi. Watafiti hawakuweza kusubiri, na wahariri hawakutaka rejea zisizo na msingi.

Njia mbili zilijitokeza. Ya kwanza ilikuwa kusambaza nakala tangulizi, yaani maandishi kamili yanayotumwa kwa wenzake mtafiti kabla ya jarida kutoka. Wanafizikia waliikumbatia njia hii. Katika taaluma za uhai, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianzisha vikundi vya kubadilishana nakala kama hizo mwaka 1961, lakini vikundi hivyo vilifungwa mwaka 1967 baada ya wahariri kadhaa kukataa kupokea makala zilizokwisha kusambazwa. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa *New England Journal of Medicine*, aliweka msimamo uliokuja kuitwa kwa jina lake: jarida lisingechapisha matokeo yaliyokwisha kutangazwa kwingine. Matokeo yake katika tiba ni kwamba makala iliyokubaliwa ikawa siri hadi siku ya kutoka. Ilikuwa na uamuzi wa mhariri, ila haikuwa na nakala ambayo msomaji angeweza kuiona.

Njia ya pili ilikuwa kanuni za uandishi wa marejeleo. Januari 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, na kutoka kwao yakazaliwa masharti ya pamoja ambayo yameongoza majarida mengi hadi leo. Kuhusu suala hili masharti hayo yalikuja kuwa wazi: makala iliyokubaliwa inaweza kuingia katika orodha ya marejeleo ikiwa imetajwa kuwa inasubiri kuchapishwa, mwandishi anayeirejelea apate idhini ya maandishi na uthibitisho kwamba imekubaliwa kweli, na makala iliyowasilishwa tu isiingie katika orodha hiyo, bali itajwe ndani ya matini kuwa ni taarifa isiyochapishwa, tena kwa idhini. Mstari uliochorwa haukuwa kati ya kilichochapishwa na kisichochapishwa. Ulichorwa mahali mhariri alipotia saini.

Teknolojia ilizikutanisha njia hizo mbili. Agosti 1991 Paul Ginsparg alianzisha hifadhi ya kielektroniki katika maabara ya Los Alamos, ambayo sasa inajulikana kama arXiv. Mwaka 2000 ukaanzishwa ushirikiano wa wachapishaji wa Crossref, ulioiwezesha makala kupewa kitambulisho cha kudumu hata kabla ya kupangiwa toleo na kurasa. Kwa majarida yenye uwezo, mwanya kati ya kukubaliwa na kusomeka ukapungua kutoka miezi hadi siku. Kwa majarida yasiyo na uwezo huo, ukabaki ulivyokuwa.

4.0 Jopo la Tabianchi na mtihani wa ahadi

Mahali ambapo desturi hii ilipimwa kwa ukali zaidi si katika jarida, bali katika chombo cha ushauri wa sera. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lijulikanalo kwa kifupi IPCC, liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Jopo halifanyi utafiti wake lenyewe. Kazi yake ni kutathmini maandiko yaliyopo. Kwa kuwa ripoti moja huandikwa kwa miaka kadhaa huku sayansi ikiendelea, waandishi wake hukabiliwa kila mara na makala ambazo zimekubaliwa lakini hazijatoka. Wakiziacha, ripoti itazaliwa imezeeka. Wakizitumia, wanazishauri serikali kwa maandishi ambayo umma haujayaona.

*4.1 Makala moja na tarehe zake*

Ripoti ya Tathmini ya Tatu ya mwaka 2001 ilitoa nafasi kubwa kwa mchoro wa halijoto ya kizio cha kaskazini uliotokana na kazi za Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes za mwaka 1998 na 1999. Umbo la mchoro huo lilifananishwa na gongo la mpira wa magongo: mstari mrefu uliolala kwa karne nyingi, kisha ukapanda ghafla katika karne ya 20. Stephen McIntyre na Ross McKitrick waliukosoa mwaka 2003 na 2005. Eugene Wahl na Caspar Ammann wakaandika makala ya kuurudia uchambuzi huo na kupima ukosoaji wenyewe, wakaiwasilisha kwa jarida la *Climatic Change* Mei 2005. Ilikubaliwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Ilitoka mwaka 2007, baada ya Kikundi Kazi cha Kwanza cha Jopo kutangaza muhtasari wake kwa watunga sera mwezi Februari mwaka huohuo.

Kwa hiyo Ripoti ya Nne iliitegemea, katika suala lenye ubishi mkali, makala ambayo msomaji wa kawaida asingeipata katika toleo lolote la jarida siku ripoti ilipotangazwa. Wakosoaji walilalamika kwamba tarehe zilizowekwa awali zililegezwa ili kuipisha. Walieleza pia kwamba sehemu ya hoja zake ilikabidhiwa kwa makala nyingine ya waandishi walewale ambayo ilikuwa nyuma zaidi katika safari. Makala zote mbili zilitoka katika juzuu moja mwaka 2007. Hapo palikuwa na deni juu ya deni: makala iliyosubiri ikiegemea makala iliyosubiri.

Malalamiko hayo yalirudi kwa nguvu baada ya barua pepe za watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia kuvujishwa mwaka 2009. Uchunguzi huru ulioongozwa na Sir Muir Russell, ambao ripoti yake ilitolewa Julai 2010, haukukuta ushahidi kwamba watafiti hao waliutumia vibaya mchakato wa Jopo. Kwa mtazamo wa historia, jambo la kuzingatia ni kwamba ubishi huo uliweza kuendeshwa. Palikuwa na tarehe ya kuwasilisha, tarehe ya kukubaliwa, jarida lenye jina, na maandishi ambayo pande zote ziliyasoma na kuyajadili. Wakosoaji walikuwa na kitu cha kukishika. Makala ikatoka, na deni likalipwa, ingawa lililipwa kwa kuchelewa.

*4.2 Rejea isiyo na nguzo*

Ripoti hiyohiyo ya Nne ilikuwa na kauli nyingine ambayo haikupata ubishi wowote ilipotoka. Sura ya Asia katika ripoti ya Kikundi Kazi cha Pili ilieleza kwamba barafu za milima ya Himalaya zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kutoweka kufikia mwaka 2035. Rejea iliyotajwa ilikuwa ripoti ya mwaka 2005 ya shirika la uhifadhi la WWF. Ripoti hiyo nayo ilikuwa imelitegemea gazeti la sayansi la *New Scientist* la mwaka 1999, ambalo liliripoti kuhusu utafiti uliokuwa haujachapishwa.

Mwaka 2010 Graham Cogley na wenzake watatu walifuatilia mnyororo huo na kuchapisha matokeo yao katika jarida la *Science*. Waligundua kwamba utafiti uliotajwa na gazeti haukukadiria kabisa tarehe ya kutoweka kwa barafu za Himalaya. Tarehe 20 Januari 2010 Jopo lilikiri kwamba kauli hiyo haikuwa na msingi wa kutosha. Mabaraza ya sayansi ya mataifa mbalimbali yaliombwa kuzichunguza taratibu za Jopo, na ripoti yao ya Agosti 2010 ikahimiza kanuni zenye nguvu zaidi kuhusu maandiko yasiyopitia uhakiki.

Ulinganisho wa rejea hizi mbili ndio kiini cha makala hii. Zote zilianzia katika maandishi ambayo hayakuwa yamechapishwa. Ya kwanza ilikuwa na uamuzi wa mhariri, nakala na mwendelezo. Ya pili haikuwa na hata kimoja: hakuna jarida lililokubali, hakuna aliyeitafuta nakala, na hakuna aliyerudi baada ya mwaka 1999 kuuliza kama utafiti ule ulitoka na ulisema nini. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa macho ya msomaji wa mwaka 2007 rejea ya pili ilionekana imara kuliko ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa na mwaka wa uchapishaji uliokwisha kupita. Wino uliificha ahadi iliyovunjika. Funzo ni kwamba kuchapishwa kwa kiungo cha mwisho katika mnyororo hakuponyi udhaifu wa kiungo cha kwanza.

*4.3 Tarehe za ukomo*

Baada ya hapo Jopo lilizitangaza tarehe za ukomo waziwazi kwa kila ripoti. Kwa Kikundi Kazi cha Kwanza katika Ripoti ya Tano, makala ilipaswa kuwa imewasilishwa kwa jarida kufikia 31 Julai 2012 na kukubaliwa kufikia 15 Machi 2013. Ripoti iliidhinishwa Stockholm Septemba 2013. Kwa Ripoti Maalumu ya nyuzi 1.5, tarehe zilikuwa 1 Novemba 2017 ya kuwasilisha na 15 Mei 2018 ya kukubaliwa. Kwa Kikundi Kazi cha Kwanza katika Ripoti ya Sita, tarehe ya kukubaliwa ilisogezwa hadi 31 Januari 2021 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na ripoti yenye rejea zaidi ya 14,000 ikatolewa Agosti mwaka huohuo.

Katika tarehe zote hizo, neno linalobeba uzito ni kukubaliwa, si kuchapishwa. Chombo kikubwa kuliko vyote cha ushauri wa sera za tabianchi kimekiri kwamba mpaka wa maarifa yanayotumika ni saini ya mhariri. Ni kanuni ya Vancouver iliyopanuliwa, na nyuma yake lipo daftari la Oldenburg.

5.0 Gharama ya tarehe kwa Afrika

Kanuni iliyo sawa kwa wote haiwi nyepesi sawa kwa wote. Uamuzi wa kuandaa Ripoti Maalumu ya nyuzi 1.5 ulifanyika katika kikao cha 43 cha Jopo, Nairobi, Aprili 2016. Kati ya kikao hicho na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha makala kulikuwa na miezi 18 hivi. Katika muda huo mtafiti alipaswa kupata fedha, kukusanya data, kuandika na kuwasilisha; kisha alikuwa na miezi sita na nusu ya kukubaliwa. Mtafiti mwenye maabara, wasaidizi na jarida linaloamua kwa wiki chache aliweza kuufuata mwendo huo. Mtafiti ambaye jarida lake hutoka mara moja kwa mwaka, na ambalo wahakiki wake hujitolea baada ya kusahihisha mitihani, alikuwa amekwisha kuachwa kabla ya kuanza.

Ripoti ya Sita yenyewe, katika sura inayoihusu Afrika, inataja kwamba kati ya mwaka 1990 na 2019 utafiti kuhusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani, na kwamba kati ya fedha hizo taasisi za Afrika zilipata asilimia 14.5. Uhaba wa makala zilizokubaliwa kwa wakati ni tawi la mti huo.

Pengo kama hilo halibaki wazi. Hujazwa na maandiko mengine. Ripoti ya Nne ilieleza kwamba katika baadhi ya nchi za Afrika mavuno ya kilimo cha kutegemea mvua yangeweza kupungua hadi asilimia 50 kufikia mwaka 2020. Kauli hiyo iliingia pia katika muhtasari wa ripoti ya jumla, ikasambaa katika hotuba na mikakati. Chanzo chake kilikuwa karatasi ya sera ya mwaka 2003 iliyohusu Moroko, Aljeria na Tunisia, ambayo haikuwa makala ya jarida lenye uhakiki. Msomaji wa Kigoma, Gitega au Mbarara aliyeisoma kauli hiyo kuwa inamhusu hakuwa na njia ya kujua kwamba mizizi yake ilikuwa kaskazini mwa Sahara. Makala za watafiti wa ukanda huu, zikiwa zimekubaliwa na kuhifadhiwa mahali panapofikika, zingeweza kuwa sehemu ya mizani.

6.0 Funzo kwa majarida ya Kiswahili

Taaluma ya Kiswahili ina historia ndefu ya majarida. Jarida la *Kiswahili* la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linatokana na taarifa zilizoanza kutolewa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na baadaye yakafuata mengine katika vyuo vya ukanda huu na nje yake. Uwezo wa kuandika upo. Kinachohitaji kuimarishwa ni daftari la Oldenburg.

Jambo la kwanza ni istilahi. Waandishi wa Kiswahili hutumia maneno kama *itatoka*, *inatarajiwa kuchapishwa* na *iko mitamboni* kana kwamba yana maana moja. Hayana. *Itatoka* linaweza kueleza tumaini la mwandishi ambaye hajapata jibu lolote, na *iko mitamboni* linadokeza mtambo ambao kwa majarida ya kielektroniki haupo tena. Maneno yote mawili yanamficha mtoa uamuzi. Inafaa majarida yakubaliane kutumia kauli inayomtaja kwa kitendo chake: *imekubaliwa*, ikifuatwa na jina la jarida, mwezi na mwaka wa kukubaliwa. Makala iliyowasilishwa tu isipewe nafasi katika orodha ya marejeleo.

La pili ni kutofautisha kukubaliwa kusoma mada katika kongamano na kukubaliwa kuchapisha. Mada iliyosomwa kongamanoni imesikika, lakini haijahakikiwa. Katika ukanda huu mada nyingi hurejelewa kwa miaka kuwa zitatoka katika kumbukumbu za kongamano ambazo uhariri wake haujakamilika. Mada kama hiyo irejelewe kwa jina lake halisi, pamoja na mahali na tarehe iliposomwa, bila kuazimwa heshima ya uhakiki ambao haujafanyika.

La tatu ni tarehe. Kila makala ichapishwe ikiwa na tarehe tatu: ilipopokelewa, ilipokubaliwa na ilipotoka. Gharama yake ni mstari mmoja wa maandishi. Faida yake ni kwamba toleo linalobeba mwaka fulani huku likitoka miaka miwili baadaye halitamnyima mtafiti haki ya kutambuliwa kuwa alitangulia, wala halitampotosha mwanahistoria wa taaluma.

La nne ni nakala. Majarida mengi ya ukanda huu hayawezi kuharakisha uchapaji, lakini vyuo vikuu vina hifadhi za kielektroniki. Makala iliyokubaliwa iwekwe humo ikiwa na alama inayoonesha kwamba ni toleo lililokubaliwa na kwamba kurasa rasmi zitafuata. Hatua hiyo moja ingewawezesha wataalamu wa ukanda kutimiza masharti ya tarehe za ukomo za kimataifa bila kulihama jarida la lugha yao. Kanuni za Jopo la Tabianchi hazizuii maandiko ya lugha zisizo Kiingereza. Kinachozuia ni kutopatikana kwake.

La tano linamhusu mshauri wa sera. Anapoitegemea makala inayosubiri, aambatanishe nakala yake na uthibitisho wa kukubaliwa, aeleze katika waraka wake kwamba kauli husika inaegemea makala hiyo, na aweke tarehe ya kuirudia. Makala ikibadilika katika hatua ya mwisho, ikichelewa kupita kiasi au ikiondolewa, waraka usahihishwe. Hapo ndipo deni hulipwa. Kisa cha Himalaya hakikusababishwa na mtu aliyedanganya. Kilisababishwa na mlolongo wa watu ambao kila mmoja alidhani mwenzake aliyetangulia amekwisha kufuatilia.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba jamii za wasomi hazijawahi kuishi kwa maandishi yaliyochapishwa peke yake. Tangu mafumbo ya Galileo hadi tarehe za ukomo za Jopo la Tabianchi, maarifa yamekuwa yakitumika kabla ya wino kukauka. Yaliyotofautisha matumizi mema na mabaya ni mambo ya kawaida kabisa: tarehe iliyoandikwa na mtu asiye na maslahi, nakala ambayo mpinzani anaweza kuisoma, na mtu anayerudi kuangalia kama ahadi imetimizwa.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambazo zinazidi kukipa Kiswahili nafasi katika vikao vya kikanda, suala hili haliwezi kuachiwa wasahihishaji wa marejeleo. Serikali inayoshauriwa kwa Kiswahili itahitaji ushahidi uliohakikiwa kwa Kiswahili, na mara nyingi itauhitaji kabla toleo la jarida halijatoka. Mhariri atakayeandika tarehe na kuweka nakala leo atakuwa amemwezesha mshauri wa kesho kusema jambo jipya akiwa na la kuonesha pale atakapoulizwa alilitoa wapi.